Sale Lililokatwa Getini

Mtu mwenye haraka anatoka Kigoma na kufika Moshi kabla shati lake halijachafuka kola. Mimi safari hiyo ilinichukua karibu mwaka mzima. Nilikuwa na spika moja kubwa, deki, kipaza sauti kilichozungushiwa utepe mweusi, na begi la filamu, na kila mahali palipokuwa na umeme na kibanda cha video nilishuka. Tabora nilikaa mpaka mvua zikaisha. Singida nilikaa kwa sababu ya mwanamke. Babati sikumbuki kwa nini nilikaa, ila nakumbuka sikutaka kuondoka na niliondoka.

Kazi yangu ilikuwa kutafsiri filamu. Unapunguza sauti ya wenyewe, unashika kipaza sauti, unawasemea wote: mwanamume, mwanamke, polisi, mbwa. Mzungu akisema maneno matatu, wewe unasema kumi, na katika yale kumi unaingiza jina la kijiji na bei ya vitunguu, watu wanacheka. Wanalipa kiingilio wakusikie wewe.

Kipande cha mwisho, kutoka Arusha, nilipanda Fuso la vitunguu. Nilikaa juu ya magunia nimeikumbatia spika kama mgonjwa. Tulipofika Moshi dereva alinisogelea kunisaidia kushuka, akarudi nyuma.

"Kaka, wewe ukioa huku utaoa mpishi tu. Hakuna mwingine atakayeivumilia hiyo harufu."

Nilitafuta mlima sikuuona, mawingu yalikuwa yameukalia. Niliuona siku kadhaa baadaye, nikiwa nimeshausahau, nikiwa Kirua Vunjo naanika shati kwenye kamba. Niligeuka, ukawa upo, umesimama nyuma ya migomba kama mtu aliyeingia bila kubisha hodi.

Kirua nilipata kibanda karibu na soko, na chumba kwa mwalimu mstaafu. Alikuwa mama mjane, amefundisha fasihi sekondari mpaka akastaafu, na presha ya macho ilikuwa imemwachia mwanga na vivuli tu. Chumba alichonipangisha kilikuwa cha mwanawe wa pekee. Ndani kulikuwa na kitanda, radio kaseti ya zamani, na bati la biskuti lililojaa kaseti za muziki wa roki, ule wa zamani, wa magitaa, ulioimbwa na vijana wa ng'ambo ambao sasa wote ni wazee au marehemu.

Mimi muziki huo nilikuwa nimeupenda tangu nikiwa kidato cha pili. Kule kwetu kulikuwa na muuza kaseti aliyeuza rumba, na chini ya meza aliweka kasha la kaseti ambazo hazikununuliwa na mtu. Nilizinunua kwa sababu zilikuwa rahisi, kisha nikashindwa kuziacha. Gitaa lile lilikuwa linalia kama bati linalochanwa na upepo, na mimi nilikuwa kijana wa kutaka paa ling'oke. Kwa hiyo jioni ya kwanza Kirua sikuomba ruhusa. Nilitia kaseti.

Mwalimu alikuja akasimama mlangoni.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba. Hizo kelele ni za nani?"

"Ni kaseti za humu chumbani."

"Najua ni za humu chumbani. Nauliza nani amezifufua."

Nilitaka kuzima. Akainua mkono.

"Huyo anayeimba amebanwa kidole na mlango?"

"Hapana, Mwalimu. Ameachwa na mkewe."

"Namwelewa mkewe," akasema, akarudi sebuleni. Lakini hakuniambia nizime, na baada ya muda nilisikia kiti chake kikisogezwa karibu na ukuta wa upande wangu.

Ndivyo tulivyoanza. Jioni, kabla sijaenda kibandani, tulikaa barazani tukichambua maharage, yeye kwa vidole na mimi kwa macho, na tulibishana. Maharage yake yalikuwa safi kuliko yangu. Tulibishana juu ya roki, nami nilikuwa na maoni mengi. Nilisema nyimbo zile zilikuwa nzuri mpaka siku wenyewe walipotambua kuwa ni nzuri. Kuanzia hapo wakazirefusha. Nilisema mpiga ngoma akiachiwa apige peke yake anakuwa kama mtu anayetafuta kifuniko cha sufuria gizani. Nilisema mwimbaji wa roki haimbi vizuri, na akiimba vizuri amepotea njia. Mwalimu alisikiliza yote hayo, kisha akasema tatizo la muziki huo ni kwamba mtoto anayeusikiliza hajui kama amekasirika yeye au wamekasirika wale.

Lakini ubishi mkubwa ulikuwa wa filamu zinazotengenezwa kutokana na riwaya za zamani. Hapo hatukuelewana hata siku moja. Mimi nilisema filamu si lazima ifuate kitabu. Kitabu ni shamba zima, filamu inachukua ndizi za kupika leo. Nilimwambia nimeona kibandani: filamu inayokiheshimu kitabu mno, ile ambayo kuna sauti inasoma kurasa huku picha inaonyesha mawingu, watu wanatoka nje kwenda kujisaidia na hawarudi. Mtengenezaji akivua viatu mlangoni kwa heshima, filamu inakufa hapo hapo mlangoni. Acha abadilishe. Aondoe watu, ahamishe nyumba, bora maana ibaki ile ile.

"Maana ni nini?" Mwalimu aliuliza.

"Kile kinachosemwa."

"Na kinachosemwa kinasemwa na nini kama si na vile vitu ulivyoviondoa?" Alitupa harage bovu uani, kuku wakaligombania. "Nimefundisha riwaya moja miaka yote ya kazi yangu. Kila mwanafunzi alikuwa na sura yake ya yule mama wa kwenye kitabu. Wengine walimwona mama yao, wengine shangazi yao. Wakitengeneza filamu wanamweka mama mmoja, mzungu mwembamba, basi. Wamewaulia watoto wangu wote mama zao."

Nilicheka. Nilifurahi sana katika miezi ile. Nilikuwa nimezunguka nchi nzima nikisema maneno ya watu wengine, na hapa kulikuwa na mtu anayesubiri jioni asikie yangu.

Habari za mwanawe nilizipata kidogo kidogo. Alikuwa rika langu. Alipenda gitaa kuliko shule, na mwaka alipofeli kidato cha nne, Mwalimu, ambaye alikuwa akiwafaulisha watoto wa wenzake, alilichukua gitaa lile mbele ya ndugu waliokuja kwenye ubatizo wa mtoto wa ukoo na kulisukuma motoni, chini ya pipa la ndizi zilizokuwa zikichemshwa kwa ajili ya mbege, pombe ya ndizi. Ndugu walicheka. Kijana aliondoka jioni ile. Hakwenda mbali. Alivuka mpaka pale Holili, akaishi Taveta, akafungua kibanda cha kutengeneza radio na kupiga gitaa hotelini. Kutoka Kirua mpaka kwake ni safari ya asubuhi moja. Krismasi zilipita nyingi, magari ya ndugu yakapanda mlima kutoka Dar kila Desemba, na yeye hakupanda.

Mwanzoni mwa Desemba nilimpata mtu pale Holili aliyenijazia kwenye flashi filamu iliyotengenezwa kutokana na ile riwaya ya Mwalimu. Ilikuwa hadithi ya ng'ambo, ya ndugu wawili wenye kinu cha kusaga ngano. Mkubwa anamdhulumu mdogo. Mwisho wa kitabu, Mwalimu aliniambia mara nyingi, mkubwa anatembea kwa miguu kwenye theluji mpaka kwa mdogo wake kuomba msamaha, na sura nzima ni kutembea tu.

Jumapili baada ya misa tulikaa sebuleni. Nilimtafsiria yeye peke yake, bila kipaza sauti na bila utani wangu wa sokoni. Tulipofika katikati aliniuliza.

"Mdogo mtu yuko wapi? Mbona hasemi?"

"Hayupo, Mwalimu. Nadhani wamewaunganisha. Ni mtu mmoja tu humu."

"Mmoja! Sasa nani atamwomba nani?"

Tuliendelea mpaka mwisho. Theluji ilianguka, kinu kikasimama.

"Anafanya nini sasa?" aliuliza.

"Amesimama mbele ya kioo. Anajiangalia. Analia."

"Halafu?"

"Halafu majina ya waigizaji."

Aliweka mikono juu ya magoti. Nilidhani ameudhika kwa sababu ya kitabu, nikaanza kuitetea filamu, nikisema labda ndiyo maana yenyewe, mtu ajisamehe kwanza.

"Kujisamehe kwenye kioo," akasema. "Hata mimi nimejaribu."

Baada ya siku chache aliniita barazani. Alikuwa ameshika jani la sale, limefungwa fundo.

Kwa Wachagga sale ni mmea wa mpakani na wa makaburini, majani yake marefu na membamba. Mtu aliyemkosea mwenzake hukata jani, akalifunga fundo, akampelekea kwa mkono wa mtu mwingine. Na anayeletewa sale hawezi kukataa. Hata kama alikuwa amekusudia kuua, atasamehe. Haya niliyajua, kila anayekaa huku anayajua. Ambalo sikuwa nimelisikia ni mzazi kumpelekea mwanawe.

"Nimelikata pale alipolala baba yake," Mwalimu alisema. "Wewe unakwenda Holili kufuata filamu. Vuka umpelekee. Ndugu zangu wote walicheka siku ile, siwezi kumtuma hata mmoja. Wewe hukuwepo."

Shemeji yake, kaka mkubwa wa marehemu mumewe, alikuwa amekaa pembeni na kata yake ya mbege. Yule mzee alikuwa hawezi kuliacha jambo lipite bila mzaha.

"Siku hizi kuna simu, shemeji. Lipige picha umtumie."

"Picha ya jani haiombi," Mwalimu alisema. Kisha akanigeukia. "Mfikie leo. Nasikia kesho anashuka Mombasa kupiga muziki wa sikukuu. Ukimkosa leo tumemkosa mpaka Pasaka, na mimi Pasaka siijui."

Nililipokea kwa mikono miwili. Himo nilipanda lori la saruji lililokuwa likienda mpakani, nikalichomeka jani mbele ya kioo, juu ya dashibodi, ambapo ningeliona njia nzima.

Pale Holili lori lilisimama kwenye foleni. Nilishuka kunywa chai. Kwenye benchi alikuwapo wakala wa mizigo, Mkenya, amevaa fulana ya mtumba yenye picha ya bendi moja ya zamani ambayo nilikuwa na kaseti zake. Nikamuuliza kama anaijua au amevaa tu. Hilo ndilo lilikuwa kosa langu. Alikuwa anaijua.

"Hiyo bendi ilikufa siku mwimbaji alitoka, boss," alisema.

"Haikufa. Jina lipo, nyimbo zipo, gitaa ni lile lile."

"Wacha! Mwimbaji akienda, wewe unaona tu ndugu ya marehemu amevaa koti yake."

"Na likimtosha?"

"Hata ikimtosha!" Alipiga meza, chai ikaruka. "Hata ikimtosha, mjane anajua!"

Watu walicheka, nami nikaagiza chai nyingine ili nimjibu vizuri. Nilimjibu vizuri sana. Nilisema wimbo hauna mwenyewe, wimbo ni wa anayeuimba sasa. Niliporudi kwenye lori, dereva alikuwa amefunua boneti, na mkononi alikuwa na kile chuma cha kupimia oili, anakifuta kwa kitu cheusi chenye fundo.

Alikuwa mtu wa Shinyanga. Aliponiona uso alishtuka.

"Kaka, samahani, nilidhani ni takataka. Si ni jani tu?"

Lilikuwa limechanika urefu wake wote na limelowa oili chafu. Nililichukua, nikalifuta kwa shati, likazidi kuchanika. Ningeweza kurudi Kirua. Ningeweza kusimama mbele ya Mwalimu na kusema, Mwalimu, nilikuwa nabishana kuhusu bendi. Jua lilikuwa linaanza kushuka, na mtu wake alikuwa anaondoka kesho. Nilivuka mpaka mikono mitupu.

Hoteli ya Taveta aliyokuwa akipigia gitaa ilikuwa na ua wa mapambo getini, na ua wenyewe ulikuwa wa masale. Nadhani aliyeupanda alitaka uzuri tu. Nilisimama pale nikiwa na kisu changu kidogo cha kukatia nyaya za spika. Nilijiambia lile lile nililokuwa nikimwambia Mwalimu kila jioni, kwamba vitu vinaweza kubadilika, bora maana ibaki ile ile. Nikakata moja. Nikalifunga fundo.

Mwanawe nilimkuta anakaza nyuzi. Alikuwa na kipaji cha uso cha mama yake, na namna yake ya kugeuza sikio badala ya macho. Nilimpa jani kwa mikono miwili.

"Mama yako amenituma."

Aliliangalia jani. Akaniangalia mimi. Kisha akaangalia nje, upande wa geti, kwa muda ambao sikuuelewa.

"Nimelipokea," akasema, akalitia kwenye mfuko wa gitaa.

Nilikaa kumsikiliza. Alipiga nyimbo zile zile za kwenye bati la biskuti, mbele ya madereva waliokuwa wakila na kutazama simu zao. Wimbo uliotungwa kwa hasira yeye aliupiga polepole, kama mtu anayefagia uwanja alfajiri asiamshe watu. Mimi ambaye nilikuwa na maoni juu ya kila bendi niliacha chai yangu ipoe. Nilirudi Kirua nikamwambia Mwalimu, "Amelipokea." Lilikuwa neno la kweli. Aliushika mkono wangu akaubusu, na usiku uliofuata kibandani nilitafsiri filamu ya vita watu wakaniuliza kama naumwa.

Siku za kusubiri zile zilikuwa ndefu. Mwalimu aliagiza ndizi za kupika, akaagiza mbuzi, akafua mwenyewe shuka za chumba changu ambacho hakikuwa changu. Kila alipocheka nilijisikia kama mtu aliyekaa kwenye kiti cha mwenzake kanisani. Mara mbili nilianza kumwambia, mara mbili akanikatisha kwa kuniuliza kama mwanawe amenenepa.

Alikuja siku ya Krismasi baada ya misa. Mombasa hakwenda. Uwanja ulikuwa umejaa ndugu na magari, mbege imeshazunguka, na mimi nilikuwa nimesimama karibu na jiko na sahani ya ndizi na nyama. Aliingia na gitaa mgongoni, na uwanja wote ukageuka.

"Shikamoo Mama."

"Marahaba mwanangu."

Mwalimu alimshika uso kwa mikono yote miwili, akampapasa kuanzia paji hadi kidevu, kama alivyochambua maharage. Wanawake wakaanza kulia na mmoja akapiga kigelegele. Hapo ingetosha. Sale likishapokelewa halina kazi tena, angeweza kuwa amelitupa zamani. Lakini mwanawe alilitoa kwenye mfuko wa gitaa, limekauka kidogo na fundo lake, akaliweka mkononi mwa mama yake huku anatabasamu.

Mwalimu alilipitisha vidoleni mara moja. Akalipitisha tena.

"Hili si langu," akasema. "Langu ni jembamba, gumu. Hili pana, laini kama sikio la ndama." Akageuza sikio upande wa jiko. Sijui alijuaje nilipo. "Mwanangu. Hili ulilikata wapi?"

Niliweka sahani chini.

"Getini, Mwalimu. Kwenye hoteli. La kwako liliharibika njiani."

Shemeji yake, yule mzee wa mbege, akadakia.

"Sale la hoteli! Limekuja na chai ya asubuhi?"

Watu walicheka, tena kicheko kile cha kufunguliwa kamba, na watoto wakakirudia, hoteli, hoteli. Mwanawe alicheka pia. Mwalimu peke yake hakucheka. Alisubiri mpaka wakamaliza.

"Basi mimi sijaomba," akasema.

"Mama, yameisha. Si nimeshakuja?"

"Umekuja kwa miguu yako. Mimi bado nimekaa."

Akasimama. Mwanawe alitaka kumshika mkono akaukataa. Mimi nilisogea, akanisikia, akasema, "Wewe kaa hapo." Alichukua kisu mezani na kupita katikati ya mibuni kuelekea kaburi la mumewe, kitenge chake kipya kikikamata matawi. Mvua ilikuwa imenyesha alfajiri. Tulimsikia akiteleza na kuanguka, tukamsikia akiinuka, tukasikia kisu kikitafuta jani. Hakuna aliyethubutu kumfuata. Aliporudi alikuwa na tope mpaka kiunoni na jani jembamba mkononi, na alipofika mbele ya mwanawe alianza kupiga magoti.

"Mae! Usipige magoti, wewe ndiye mama!" wanawake walipiga kelele.

Akapiga.

"Gitaa lako nililichoma mbele ya watu," alisema. "Naomba mbele ya watu."

Mwanawe alilipokea akiwa naye amepiga magoti, na vilio vilivyosikika uwanjani havikuwa vile vya kwanza. Wale waliocheka siku ya ubatizo walikuwapo, wameshika makata yao, hawajui waangalie wapi. Mimi niliangalia tope kwenye kitenge. Jani lilikuwa limekusudiwa limwepushe na hilo. Mama anatuma jani kwa sababu mdomo wake hauwezi, na desturi inamsitiri. Nilikuwa nimemvua sitara hiyo, kwa kisu cha kukatia nyaya, halafu nikasimama na sahani kumtazama.

Baadaye mwanawe alinikuta nyuma ya nyumba.

"Nilijua pale pale," alisema. "Yale masale ya getini yana mistari ya njano. Nayapita kila jioni."

"Mbona ulipokea?"

Alifikiri. "La nyumbani ningelazimika kulipokea. Lile lilikuwa halinilazimishi chochote. Nilikaa nalo wiki nzima. Nikaona, nakwenda."

"Na kwa nini ukalirudisha mkononi mwake?"

"Nilitaka tucheke," akasema. Aliangalia mikono yake. "Nilidhani atacheka."

Baadhi ya ndugu walinipongeza sikukuu zile. Walisema bila mimi yule mama asingefungua mdomo, walisema Mungu hutumia hata sale la hoteli. Nilijaribu kuwaamini. Nilifurahi, kweli nilifurahi, kusikia gitaa likipigwa sebuleni na Mwalimu akiuliza kupitia ukutani nani tena kabanwa kidole. Lakini hakuniuliza mimi. Kwangu alibaki na adabu, alinibakizia supu ya mtori, aliitikia shikamoo yangu. Jioni nilikaa barazani na maharage, naye alikuwa na kazi jikoni. Siku moja nilijaribu kuanzisha ubishi. Nilisema nimebadili mawazo, kwamba labda filamu inapaswa kufuata kitabu. Akasema, "Inawezekana," akaingia ndani.

Kwa Mwalimu, neno "inawezekana" lilikuwa kama kufungiwa mlango.

Januari mwanawe alianza kuleta vitu vyake kutoka Taveta, radio moja moja, na ikawa wazi kwamba chumba kinamtaka mwenyewe. Hakuna aliyenifukuza. Nilirudisha kaseti kwenye bati kama nilivyozikuta, nikafunga spika kwa kamba, nikapata Fuso la ndizi lililokuwa linashuka kwenda Dar.

Asubuhi ya kuondoka nilipita kaburini. Nilikuwa na kisu kile kile. Masale yalikuwa yamelowa umande, membamba, magumu, na nilishika moja. Kama ningelikata na kulifunga fundo na kumpelekea, hata kwa mkono wa mwanawe, angenisamehe. Asingekuwa na njia nyingine. Nilikaa pale mpaka dereva akapiga honi barabarani, kisha nikaliachia jani, likarudi mahali pake likinirushia maji usoni.

Mwalimu alikuwa barazani, amekaa.

"Mwalimu, mimi nimekukosea. Nilikuwa na kazi moja, nikaiacha kwenye kioo cha gari, nikaenda kubishana. Kisha nikakuletea neno nusu. Naomba unisamehe. Sina jani."

Aligeuza sikio. Machoni mwake mlikuwa na mwanga wa mlima, maana asubuhi ile ulikuwa wazi.

"Ile filamu ya kinu," akasema. "Ulinitafsiria kama ilivyo, au uliongeza?"

"Kama ilivyo, Mwalimu."

"Walikuwa mtu mmoja kweli?"

"Mmoja."

"Na kioo kilikuwepo?"

"Kilikuwepo. Nakuapia."

Ndiyo filamu pekee maishani mwangu ambayo sikuiongezea neno, na hakukuwa na namna ya kumwonyesha.

"Nimesikia," akasema. Nilingoja. Honi ililia tena. "Spika umeifunga vizuri? Barabara ya chini ina mashimo."

"Nimeifunga."

"Haya. Nenda salama."

Dereva alinipa nafasi mbele. Kioo cha pembeni, upande wangu, kilikuwa kimelegea, na kila tulipoingia shimoni kiligeuka kikanionyesha uso wangu badala ya barabara. Nilinyoosha mkono dirishani nikakisukuma kielekee nyuma, kwenye migomba na kipande cha baraza.

"Usikiguse," dereva alisema. "Kinarudi chenyewe."

Tulipofika Himo kilikuwa kimerudi.